Maiti aliyemo kwenye wimbo wa kwanza wa The Cure

Mwanzoni mwa mwaka 1987 kampuni ya Elektra ya Marekani ilifanya jambo ambalo kampuni za muziki hulikwepa kwa kila hali: ilibandika stika ya kujitetea kwenye bidhaa yake yenyewe. Albamu ilikuwa Standing on a Beach, mkusanyiko wa singo, yaani santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande, za bendi ya Kiingereza ya The Cure. Stika ilisema kwamba wimbo uitwao "Killing an Arab", yaani kumuua Mwarabu, hauna ubaguzi wa aina yoyote, kwamba unalaani chuki na ukatili unaozaliwa na chuki hiyo, na kwamba bendi inapinga mtu yeyote kuutumia kuchochea uadui dhidi ya Waarabu. Wimbo wenyewe ulikuwa umeshatimiza miaka minane sokoni. Hauzidi dakika mbili na nusu.

Mimi ni shabiki wa The Cure tangu ujana wangu Tanga, enzi za kaseti za kurekodiana, na upande wa mama yangu ni Wamanga, watu ambao babu zao walishuka kutoka Oman kwa majahazi wakabaki huku wanauza kahawa na halua. Kwa hiyo kisa hiki kimenikaa rohoni muda mrefu. Wengi wanaokisimulia hukimaliza upesi: kijana alisoma riwaya ya Albert Camus, akaitungia wimbo, wasiosoma vitabu wakamwelewa vibaya. Simulizi hiyo inawafurahisha sana mashabiki kwa sababu inawafanya waonekane wasomi. Mimi naona waliolalamika walikuwa na hoja nzito kuliko hata walivyoieleza wenyewe. Utetezi wa kitabu ni wa kweli, lakini haumsafishi mtu. Unaihamisha kesi tu kutoka mahakama moja kwenda nyingine, na huko nako mshtakiwa ana maswali ya kujibu.

Crawley ni mji wa kusini mwa London, jirani na uwanja wa ndege wa Gatwick, uliopanuliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili kupokea watu waliokuwa wamebanana jijini. Robert Smith, aliyezaliwa Blackpool mwaka 1959, alikulia hapo, na hapo shuleni ndipo alipojuana na Lol Tolhurst na Michael Dempsey. Smith alishika gitaa na baadaye uimbaji, Dempsey besi, Tolhurst ngoma. Walipitia majina kadhaa, Malice, kisha Easy Cure, wakipiga kwenye baa za mtaani kwao. Kulikuwa na mpiga gitaa mwingine, Porl Thompson, mwenye vidole vyepesi kuliko wote, lakini vidole vyepesi havikuwa na soko enzi za panki, ule muziki wa roki wa kasi, kelele na uasi. Akatoka mwaka 1978, na "Easy" ikatoka naye.

Kabla ya hapo walikuwa wameshaonja mkataba. Mwaka 1977 lebo ya Kijerumani ya Hansa ilitangaza gazetini kwamba inatafuta bendi changa Uingereza. Vijana wakaenda kujaribiwa, wakachukuliwa. Hansa ndiyo ileile ya Boney M, na sidhani kuna harusi ya miaka hiyo Afrika Mashariki iliyokwisha bila Boney M kupigwa. Ukilijua hilo huulizi tena kwa nini ndoa ile haikudumu. Hansa walitaka sura za kuuzia mabango na nyimbo za kuchezeka, wakawaletea nyimbo za watu wengine wazirekodi. Vijana wakaja na za kwao. Smith amesimulia kwamba waliambiwa hata wafungwa gerezani wasingezipenda nyimbo zile. Mwaka 1978 mkataba ukavunjwa, na bahati yao ni kwamba waliondoka na nyimbo zao mikononi.

Wakarekodi kanda ya majaribio wakaisambaza kwenye kampuni za London. Aliyeitikia ni Chris Parry, mtu wa New Zealand aliyekuwa kazini kwenye kampuni ya muziki ya Polydor na ndiye aliyeisajili bendi ya The Jam. Kilichomnasa Parry kwenye kanda ile ni "10:15 Saturday Night", wimbo wa mtu aliyekaa peke yake Jumamosi usiku, taa ya jikoni inawaka, bomba linadondosha maji tone kwa tone, na simu hailii. Parry alikuwa anaanzisha lebo yake, Fiction, lakini mambo yalikuwa hayajakaa sawa, kwa hiyo singo ya kwanza ikapitia kwa Small Wonder, duka la santuri la Walthamstow, mashariki ya London, lililokuwa na lebo yake ndogo. Ikatoka Desemba 1978, siku chache kabla ya Krismasi. Februari 1979 Fiction wakaitoa tena kwa jina lao. Upande wa kwanza "Killing an Arab". Upande wa pili "10:15 Saturday Night".

Hapo ndipo huwa nasimama. Wimbo uliompata tajiri ulikuwa upande wa pili. Wangeweza kugeuza pande, na leo kisa hiki kisingekuwepo. "Killing an Arab" ungekuwa wimbo wa nyuma ambao mashabiki wakongwe hutajiana majina kwa kujidai. Waliuweka mbele kwa sababu mwaka 1978 jina lile lilikuwa na faida. Panki ilikuwa imeshawafundisha vijana wa Uingereza kwamba ukitaka watu wageuke, waudhi. Sid Vicious wa bendi ya Sex Pistols alitembea na nembo ya Wanazi kifuani, na mwimbaji Siouxsie alishawahi kuifunga mkononi. Sisemi The Cure walikuwa na nia hiyo, na mtangazaji John Peel wa BBC aliwaalika kurekodi kipindini mwake mwezi huohuo kwa sababu walikuwa wazuri. Nasema jina liliuza, na aliyechapa lebo alilijua hilo.

Wimbo wenyewe nauheshimu. Matoazi yanaanza, halafu gitaa la Smith linaingia na mzunguko wa noti unaojipinda kama nyoka wa mazingaombwe, ile sauti ambayo wanamuziki wa Ulaya huitoa wakitaka msikilizaji aone ngamia na minara ya misikiti. Mtu aliyelelewa na taarab atatabasamu. Hakuna maqam pale, ile mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu. Ni Uarabu wa sinema, uliochongwa Crawley na mvulana wa shule. Lakini besi ya Dempsey inasukuma vizuri, ngoma ni kavu, na Smith anaimba bila kupandisha sauti, kana kwamba anasoma ripoti ya polisi. Maneno ni machache. Mtu amesimama ufukweni na bunduki, anatazama bahari, anatazama mchanga. Mwarabu yuko chini, mdomo wazi, sauti haisikiki. Mwenye bunduki anajiambia anaweza kugeuka aondoke, anaweza kufyatua, na vyovyote atakavyochagua ni sawasawa tu, hakuna kitu. Mwishoni anajitazama ndani ya macho ya yule aliyekufa.

Usiupite upesi huo mstari wa macho. Mtu amelala mchanga umeloa damu yake, na kazi iliyobaki kwa macho yake ni kumwakisi aliyemuua. Hata akiwa maiti anatumika. Nitaurudia baadaye.

Albamu yao ya kwanza, Three Imaginary Boys ya Mei 1979, haikuuweka wimbo huu. Ina mwingine uitwao "Fire in Cairo", ambapo jina la mji linaimbwa herufi kwa herufi kwenye kiitikio. Wimbo mtamu kweli, lakini Cairo yake ni joto na machweo, mahali pa kumuwazia mwanamke. Kwa vijana wale nchi za Waarabu zilikuwa pazia la jukwaani, na sioni kama hilo ni kosa la jinai. Nalitaja kwa sababu linaeleza jinsi neno lile lilivyoingia kwenye wimbo bila mtu kulihisi uzito.

Sasa kitabu. Albert Camus alizaliwa Algeria mwaka 1913, mtoto wa walowezi maskini wa Kifaransa, akakulia mtaa wa Belcourt mjini Algiers. Riwaya yake L'Étranger, yaani Mgeni, ilitoka Paris mwaka 1942, jiji likiwa chini ya Wajerumani. Msimulizi ni Meursault, karani mmoja wa Algiers, ambaye anamzika mama yake bila kutoa chozi, kesho yake anaenda kuogelea, anapata mwanamke, anaenda naye kutazama filamu ya kuchekesha. Ana jirani aitwaye Raymond, mtu wa hovyo, anayempiga mwanamke wake wa Kiarabu mpaka polisi wanaitwa. Meursault ndiye aliyemwandikia Raymond barua ya kumvuta yule mwanamke arudi aje kuadhibiwa, na ndiye aliyekwenda polisi kumtolea ushahidi Raymond. Kaka wa mwanamke akaanza kuwafuata. Siku moja wako ufukweni, wanapambana na Waarabu wawili, Raymond anachanwa kisu. Baadaye Meursault anarudi peke yake na bastola ya Raymond mfukoni. Jua linachoma, jasho linamwingia machoni, Mwarabu amelala kivulini karibu na chemchemi, anachomoa kisu, mwanga unapiga kwenye chuma. Risasi ya kwanza. Kisha nyingine nne kwenye mwili usiotikisika tena.

Ukishalijua hilo utaona wimbo umepunguza nini. Kwenye kitabu kuna dada aliyepigwa, kuna kaka aliyekuja kwa ajili ya dada yake, kuna barua ambayo muuaji aliiandika kwa mkono wake. Mtu yeyote wa pwani atakielewa kisa hicho bila kuelezwa: ni ugomvi wa heshima ya familia. Smith alikiacha chote akabakiza ufukwe, bunduki na kutojali. Alisema kwamba alitaka kufupisha kwa ushairi alivyoziona nyakati muhimu za riwaya, na ufupisho ni haki ya mtunzi wa nyimbo. Ila kilichokatwa ni kilekile ambacho Meursault mwenyewe hakukijali. Mahakamani wanamuuliza kwa nini aliua. Anajibu kwamba ilikuwa kwa sababu ya jua, na watu wanacheka. Kesi inageuka kuwa ya mama yake: kwa nini hakulia, kwa nini alivuta sigara na kunywa kahawa ya maziwa kando ya jeneza. Hakuna Mwarabu hata mmoja anayeitwa kutoa ushahidi. Aliyeuawa hatajwi jina kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Kuna mistari michache kwenye sehemu ya pili ya kitabu ambayo naipenda kuliko mauaji yote yale. Meursault amekamatwa, anaingizwa kwenye chumba cha mahabusu chenye watu wengi, wengi wao Waarabu. Wanamcheka. Wanamuuliza amefanya nini. Anawaambia amemuua Mwarabu. Wananyamaza. Muda si muda jioni inaingia, na walewale wanamwelekeza namna ya kuutandika mkeka wake: akiukunja ncha moja atapata mto. Basi. Camus hasemi zaidi ya hapo, na Meursault haulizi chochote, analala. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi nikijiuliza ni nani hasa aliyemwonyesha, na alikuwa anawaza nini wakati vidole vyake vinakunja ukili. Hapo ndipo sentensi iliyozaa jina la wimbo inapotamkwa kitabuni, mbele ya Waarabu wenyewe, na jibu lao ni kumtafutia muuaji pa kuweka kichwa. Kama Smith angetunga wimbo juu ya mkeka ule, nisingekuwa na makala ya kuandika.

Niliwahi kuupiga wimbo huu sebuleni kwa mjomba, kaka yake mama, nikidhani amesinzia kwenye kiti chake.

"Huyo anaimba nini?" akauliza.

"Anaimba habari za mtu aliyemuua Mwarabu ufukweni, mjomba."

"Alimkosea nini?"

"Hakumkosea kitu. Imetoka kwenye kitabu. Kitabuni muuaji anasema ni kwa sababu ya jua."

Mjomba akaweka kikombe chini. "Jua?"

"Ndiyo, mjomba. Jua lilikuwa kali."

"Kwa jua, baba, sisi wa Tanga tungeshauana tukaisha." Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia nizime, adhana imekaribia.

Wanafunzi wa falsafa wataniambia mjomba hakuielewa dhana ya dunia isiyo na maana. Huenda. Wasomaji wa Euphrase Kezilahabi wanaijua dhana hiyo tangu Kichwamaji ya mwaka 1974, na wahakiki wetu wamemhusisha Kezilahabi na Camus kwa miaka mingi, kwa hiyo si jambo geni kwetu. Lakini naona mjomba aliuliza swali la kwanza ambalo hakimu yeyote timamu angeuliza, na ambalo wala mahakama ya Camus wala wimbo wa Smith haukutaka kulijibu.

Uingereza ya mwaka 1978 nayo haikuwa mahali tulivu pa kufanyia mzaha huo. Chama cha wabaguzi wa rangi cha National Front kilikuwa barabarani, wahamiaji wakipigwa mitaani. Mei mwaka huohuo, fundi cherehani Mbangladeshi aitwaye Altab Ali aliuawa kwa kisu Whitechapel, akitoka kazini, na vijana wa jamii yake wakaandamana na jeneza lake mpaka katikati ya London. Siku chache kabla yake, maelfu walikuwa wamejaa Victoria Park kuisikiliza bendi ya The Clash kwenye tamasha la Rock Against Racism, harakati iliyoanzishwa mwaka 1976 kwa hasira ya matamshi ya mpiga gitaa Eric Clapton dhidi ya wahamiaji, jukwaani Birmingham. Juu ya hayo kulikuwa na mafuta: tangu bei ipande mwaka 1973, Mwarabu kwenye magazeti ya London alikuwa ni kikaragosi cha kanzu kinachonunua hoteli. Neno "Arab" mdomoni mwa Mwingereza wa wakati ule lilikuja na hayo yote mgongoni. Smith amesema aliuandika akiwa bado shuleni, hakuwazia kwamba kuna mtu atausikia zaidi ya marafiki zake wa darasani. Namwamini. Lakini aliyeurekodi Septemba na kuutoa Desemba hakuwa tena darasani.

Hata hivyo, Uingereza kelele hazikuwa kubwa. Moto wenyewe uliwaka Marekani, miaka minane baadaye, na sababu yake ni biashara. The Cure walikuwa wamekua, Elektra wakaona wakusanye singo zote kwenye albamu moja ya mwaka 1986. Jina la albamu, Standing on a Beach, ni maneno ya kwanza ya wimbo uleule, na toleo la sidii likaitwa Staring at the Sea, maneno yanayofuata muda mfupi baadaye. Jaladani wakaweka uso wa mzee mvuvi uliojaa mikunjo, picha nzuri sana. Kwa hiyo wimbo ambao ungeweza kubaki kwenye santuri chakavu za wakusanyaji ukawa mlango wa mbele wa bendi kwa kijana wa Ohio au Texas ambaye Camus kwake ni jina la mtihani.

Na Marekani ya mwaka ule ilikuwaje? Oktoba 1985 Alex Odeh, mkurugenzi wa pwani ya magharibi wa ADC, kamati ya Wamarekani wenye asili ya Kiarabu inayopinga ubaguzi, alifungua mlango wa ofisi yake huko Santa Ana, California, bomu likalipuka, akafa. ADC ilikuwa imeanzishwa mwaka 1980 na James Abourezk, seneta wa zamani wa South Dakota mwenye asili ya Lebanoni. Aprili 1986 ndege za Marekani zilipiga Tripoli na Benghazi, baadhi zikiruka kutoka viwanja vya Uingereza, nyumbani kwa The Cure. Katika hali hiyo, mtangazaji wa redio moja ya wanafunzi huko New Jersey akautambulisha wimbo hewani kuwa ni wimbo wa kuua Waarabu. ADC wakaja juu. Ungekuwa wewe umezika mwenzako kwa bomu mwaka uliopita, ungetafuta kwanza nakala ya Camus maktaba?

Mazungumzo yakaishia kwenye maafikiano ya Januari 1987: albamu ibaki, iwekwe stika, na vituo vya redio viombwe visiupige. Smith mwenyewe alisimama upande wa ADC hadharani, akasema anachukizwa na wanaoutumia vibaya. Nawapa heshima wote wawili. Siku hizi ugomvi wa aina hii huishia kwa wimbo kufutwa usiku au kwa msanii kuwatukana wanaolia. Pale watu walikaa, wakaandika maneno machache, wakayabandika. Ninalolipinga ni maneno yenyewe. Kusema wimbo unalaani chuki ni kuuongezea mstari ambao haumo. Wimbo haulaani kitu. Ukweli wake wote ni kwamba haulaani kitu.

Vita vya Ghuba vya mwaka 1991 vikaja, lawama zikarudi. Septemba 2001 ikaja, zikarudi tena, na mwaka huo Smith akasema kama kuna kitu kimoja angekibadili ni jina. Akasema pia kwamba ni jiografia ya kitabu tu iliyomfanya aliyeuawa awe Mwarabu. Angeweza kuwa mtu yeyote.

Hapa ndipo tunapoachana mimi na yeye. Hakuweza kuwa mtu yeyote. Katika Algiers ya Wafaransa, mlowezi aliyempiga risasi Mwarabu mwenye kisu angetegemea kutoka mahakamani akiwa mzima, na Camus, aliyekuwa mwandishi wa habari wa mahakamani Algiers, aliijua mahakama ile. Ndiyo maana inabidi Meursault ahukumiwe kwa mama yake. Kumtoa Mwarabu pale ni kukitoa kitabu roho.

Na sisi huku tuna sababu zetu za kutolisikia neno lile kama jiografia. Januari 1964, baada ya mapinduzi ya Zanzibar, Waarabu waliuawa kwa maelfu Unguja, na idadi inabishaniwa mpaka leo. Wamanga wenye vijiduka mashamba walikuwa miongoni mwa waliopata taabu kubwa. Waitaliano waliruka juu ya kisiwa na kamera, na picha zao za watu wanaokimbilia ufukweni, na za maiti, ziko kwenye filamu ya Africa Addio ya mwaka 1966. Nyumbani kwetu mambo hayo hayakuwa yakizungumzwa mbele ya watoto. Mama alikuwa akibadili mada. Sina haja ya kuyafanya mauaji yale yaonekane mepesi wala ya kuyatoa nje ya historia ya utumwa na usultani iliyoyatangulia. Nasema tu kwamba ufukwe, bunduki na Mwarabu aliyelala chini ni picha ambayo kwa watu wengine ilipigwa kweli, na ina ndugu zake wanaoishi.

Bendi nayo ikaanza kuhangaika na maneno. Toleo jipya la albamu ya kwanza la mwaka 2004, lililojazwa nyimbo za ziada, halikuugusa wimbo huu. Mwaka 2005 wakaupiga kwenye matamasha kama "Kissing an Arab", wakageuza risasi kuwa busu. Mwaka 2006, Royal Albert Hall, ukawa "Killing Another", kumuua mwingine. Mwaka 2011 ukawa "Killing an Ahab", na maneno yakahamia kwa yule nahodha kichaa wa nyangumi wa riwaya ya Kimarekani. La busu ni utani wa mtu aliyechoka kuulizwa swali lilelile, nalicheka. La Ahab ni mchezo wa mwanafunzi hodari wa fasihi. La "mwingine" ndilo linaloniudhi. Watu wamelalamika kwamba maiti hana jina, ana kabila tu. Jibu ni kumnyang'anya na kabila. Sasa ni mwili tu mchangani, na macho yake bado yanamwakisi muuaji.

Aliyejibu vizuri ni Kamel Daoud, wakati huo mwandishi wa habari wa Oran, Algeria. Mwaka 2013 alichapisha riwaya huko Algiers, ikatoka Ufaransa mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Kifaransa ya Goncourt ya riwaya ya kwanza. Msimulizi wake, Haroun, ni mzee anayekunywa baa na kumsimulia msikilizaji wake kuhusu kaka yake aliyepigwa risasi ufukweni mwaka 1942. Kaka anaitwa Moussa. Mama yao bado yu hai, na kitabu kinaanza na yeye, kinyume cha Camus. Daoud hakumfanya Haroun malaika: naye anaua, anamuua Mfaransa, siku chache tu baada ya uhuru wa Julai 1962, na wakubwa wa nchi mpya wanachomlaumu ni kwamba amechelewa, angeua vita vikiendelea. Desemba 2014 imamu mmoja wa msimamo mkali nchini mwake alitaka Daoud auawe kwa maneno aliyoyasema juu ya dini. Mtu aliyempa Mwarabu wa Camus jina alitishiwa na watu wa kwao, na Paris wakamshangilia, na yote mawili yalimchosha.

Nimempa kitabu hicho kila shabiki wa The Cure aliyeniletea hoja ya stika. Mmoja alinirudishia akasema kimemharibia wimbo. Nilifurahi kidogo, nakiri.

Julai 2018 bendi ilitimiza miaka 40 ikapiga Hyde Park, London, jua bado liko juu walipopanda jukwaani na Smith akilalamika kwamba linamsumbua. Mwishoni kabisa wakapiga "10:15 Saturday Night", halafu wakafunga na "Killing an Arab", pande mbili za singo ileile ya Small Wonder, ila zimegeuzwa. Rekodi ya onyesho ilitoka mwaka 2019, na wimbo umeorodheshwa kwa jina lake la kwanza. Hakuna Ahab, hakuna mwingine. Naona walifanya sawa. Jina ni baya, lakini ndilo lililoandikwa na mvulana wa Crawley baada ya kufunga kitabu, na likishafutwa hatuna tena pa kuanzia kumuuliza yeye wala Camus kuhusu yule mtu wa chemchemi na dada yake.